Sala Kumi na Mbili za Alasiri Moja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msijibu bado. Nisikilizeni hadi mwisho, kisha kila mmoja aamue mwenyewe kama salamu hiyo, ikitoka kinywani mwangu, inastahili jibu.

Mnanijua. Mimi ni Wambui, msichana wa Kitale aliyekuja hapa Chwele kufundisha watoto wenu Jumapili, nanyi mkamtuma Ujerumani kuwa mmisionari. Siku ya kuniaga mliniwekea mikono kichwani mpaka shingo ikaniuma. Akina mama mlinifunga leso kiunoni, mkaimba hadi wauza ng'ombe wakatoka sokoni kuja kuchungulia dirishani. Baba yangu, mkulima wa viazi ambaye sikuwahi kumwona akilia, alilia. Mchungaji akatangaza kwamba kila Jumapili nitatuma sala yangu kwa simu, nanyi mtaiweka kwenye spika, ili niwe naomba pamoja nanyi. Mlipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Nilipelekwa mji wa bandari wenye kanisa kubwa kuliko soko letu lote. Ndani yake, Jumapili, walikaa wazee saba. Walikaa mbalimbali, kila mmoja na benchi lake, kama watu wanaosubiri daktari. Nilihubiri kwa moto wa Chwele, na moto ule ulipanda ukagonga dari la mawe, ukarudi ukiwa majivu. Hawakunichukia. Walinishukuru kwa upole, wakavaa makoti, wakaenda zao. Siku moja mzee aliyekuwa mwalimu zamani aliniuliza, "Binti, ukiomba unasikia nini?" Nikamjibu kwamba nasikia amani. Ndugu zangu, nilidanganya! Nilikuwa nasikia friji ikinguruma.

Mnajua gunia la mahindi lililoshonwa kabla hayajakauka. Kwa nje ni gunia safi. Ukilifungua baada ya miezi, unaingiza mkono ndani na kukuta joto, harufu, na punje zilizoshikana kwa ukungu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Sikumkana Mungu. Nilifungua kinywa siku moja, nikakuta hakuna kitu. Nikangoja wiki. Nikangoja mwezi. Nilipiga magoti sakafuni mpaka magoti yakafa ganzi, na kule nilikoelekeza uso hakukuwa na mtu.

Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na ninyi mlikuwa mnangoja.

Basi alasiri moja, nikiwa na mafua makali, niliketi kitandani nikarekodi sala kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekamua ng'ombe. Nilizimaliza zote chai yangu ikiwa bado ya moto. Sala ya mvua. Sala ya mitihani. Sala ya wagonjwa. Nilijua Nekesa, binti ya Mama Nasimiyu, aliyeolewa Kapsokwony, alikuwa na mimba ya miezi sita. Nikahesabu wiki kwa vidole, na katika sala ya kumi na mbili nikamshukuru Mungu kwamba Nekesa amejifungua salama, yeye na mtoto. Nilishukuru kwa imani, kama tulivyofundishwa kushukuru kabla ya kuona. Ila imani yenyewe haikuwepo. Ilikuwepo hesabu ya vidole.

Kila Jumapili nilituma moja. Sikusoma tena ujumbe wenu. Macho yangu yaliuonea aibu, nikauacha urundikane. Mmoja tu niliusikiliza, kwa sababu sauti ilikuwa ya Mama Nasimiyu, kiongozi wetu wa sala za Jumatano. "Wambui, hiyo homa yako ni ya namna gani? Wiki ya sita sasa pua imefunga tu. Ama huko hakuna tangawizi, bana?" Nilicheka. Nikamtumia picha ya viganja vilivyounganishwa kwa sala.

Ndugu zangu, mnajua yaliyofuata, ila hamjui yote. Mvua ilinyesha kule mlimani Kapsokwony, barabara ikawa utelezi mtupu, na hakuna pikipiki iliyoweza kupanda. Nekesa alijifungua nyumbani, mtoto akalia, mama akatokwa na damu hadi akanyamaza. Mlimzika Jumamosi. Na Jumapili, mbele ya mama yake aliyekaa benchi la mbele na udongo wa kaburi bado viatuni, sauti yangu ikatoka kwenye spika: Asante Bwana, dada yetu Nekesa amejifungua salama, yu mzima, anatabasamu!

Nilikuwa nimetuma bila kusoma ujumbe wenu wa msiba.

Baba, aliyekuwa amekuja Chwele kwa mazishi, alinipigia. "Wambui. Ni nini hiyo umefanya?" Akaniambia kwamba kanisa zima liliganda, mchungaji akakimbilia waya wa spika, na katika ukimya ule Mama Nasimiyu peke yake akasema, "Amina."

Ninyi mlisema ni mtandao. Mlisema sala ilitumwa mapema, ikachelewa njiani. Mlinisamehe kosa la mtandao, nami nikaupokea msamaha ule na kuuvaa kama nguo ya wizi. Nilirudi Kitale kimya kimya. Baba alipokuwa akisema, "Tuombee chakula," nilikuwa nainuka kwenda kutafuta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani. Mzee wangu aliiona, akaomba mwenyewe. Kuna asubuhi ambazo nilitazama viazi vikioza pembeni mwa ghala nikavionea wivu, kwa kuwa vyenyewe havikudaiwa kuwa chochote.

Mwishowe nilichoka kujificha, nikaja Chwele. Nilimkuta Mama Nasimiyu uani akichagua maharagwe, mtoto wa Nekesa mgongoni.

"Karibu, mmisionari," akasema bila kuinua kichwa. "Homa iliisha?"

Nikaanza kulia. Nilimwambia yote.

"Nilijua tangu sala ile ya tatu," akasema. "Mimi nimelea watoto sita. Homa hupanda, hushuka. Yako ilisimama tu, kama gari imeisha mafuta."

"Mbona hukumwambia mchungaji?"

"Nimwambie nini? Ati mtoto wetu ameishiwa na maombi? Nilinyamaza nikawa nakuombea wewe."

"Na ile ya Nekesa, mama?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Ile ilinichoma. Nilisema ukikuja nitakutukana soko yote isikie. Nilipanga matusi vizuri, kama nyanya kwa meza. Sasa umekuja, na siyaoni."

"Lakini ulisema amina."

"Mdomo umezoea, Wambui. Usifikirie ilikuwa imani." Akapuliza makapi. "Tangu tumzike sijaomba. Jumatano nasimama, nafungua mdomo, maneno yanatoka, wamama wanalia. Mimi mwenyewe siko. Wewe na mimi tumekuwa spika tu."

Alimfungua mtoto, akaniwekea mapajani. "Shika Nafula." Ndivyo walivyomwita, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua. Alikuwa mzito na wa moto, na alinishika kidole bila kuuliza mimi ni nani.

"Tuombe," akasema.

"Siwezi, mama."

"Hata mimi."

Tukakaa. Kuku walikuja wakala maharagwe, hakuna aliyewafukuza. Kisha, baada ya muda mrefu, nikasikia kinywa changu kikisema, "Bwana, tumechoka."

Mama Nasimiyu hakusema amina. Alisema, "Ongeza." Sikuwa na la kuongeza. Akafunika uso kwa leso, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alilia kwa sauti.

Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu. Mngetamani mkubwa zaidi, hata mimi. Nekesa hajarudi. Kanisa la wazee saba liko vilevile. Asubuhi nyingi bado naamka nikiwa mtupu. Lakini maneno yale mawili yalikuwa ya kweli, na nilipoyasema sikusikia friji. Nilisikia kwamba kuna anayesikia. Hakujibu. Alisikiliza tu, na nimeishi kwa hilo hadi leo.

Mama Nasimiyu aliniambia, "Utawaambia wote. Mimi nitakaa benchi la mbele." Yuko pale, na Nafula mapajani. Asante, mama. Asanteni kwa mikono mliyoniwekea kichwani. Nisameheni, safari hii kwa kosa langu mwenyewe.

Na wewe uliyekaa hapa ukiimba huku ndani gunia limeoza, usirekodi sala nyingine. Njoo Jumatano. Tumeacha kuwaita watu waombe kwa sauti. Tunakaa, tunachagua maharagwe, na mwenye neno moja la kweli analisema. Mtegemee Yeye kwa hilo moja. Yeye hapimi ukubwa wake.

Bwana asifiwe.

Sasa nangoja.