Dinah Nasieku, Mpishi wa Chambo

Wachungaji, wazee wetu, Mzee Ezra pale kiti cha mbele, na nyote mliofika hapa Kitengela na vumbi lote hili, familia imeomba historia hii isomwe yote, hata zile sehemu ambazo kamati ya mazishi ilizipigia mstari mwekundu.

Marehemu Dinah Nasieku Wamalwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 kule Oltepesi, mtoto wa tatu wa Mzee Tajeu, akachunga mbuzi za babake, akasoma shule ya msingi pale pale, kisha sekondari mjini Kajiado, akamaliza mwaka wa 1990 na alama nzuri kuliko kaka zake wote, jambo ambalo hadi leo halijawahi kutangazwa popote.

Mwaka wa 1993 aliajiriwa katika duka la dawa za mifugo hapa Kitengela, na huko akapatana na kijana wa Bungoma, Ezra Wamalwa, karani wa kiwanda, aliyekuwa akija kila wiki kununua dawa ya viroboto ilhali hakuwa na mbwa. Walifunga ndoa kanisani tarehe 6 Desemba 1997, na Mungu akawajalia watoto wawili, Lennox na Elsie.

Sasa, Mzee Ezra alikuwa na ugonjwa wa kuvua samaki. Kila Jumamosi alienda na chama chake cha wavuvi kwa bwawa la Mzee Gakuru, njia ya Kajiado, kurusha vile vichambo laini vya plastiki vinavyofanana na minyoo, vya kutoka ng'ambo, akirudi jioni amevipoteza karibu vyote kwenye majani ya majini, bila hata samaki wa kuonyesha paka. Mwaka wa 2016 marehemu alichukua kimoja kilichokatika, akakifinya, akasema, "Baba Lennox, si hii ni plastiki tu? Hata mimi naweza kuipika." Mzee alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Wewe? Samaki hata hujawahi kuonja!"

Ni kweli, kwao kwa wafugaji samaki ni nyoka tu wa majini, na hadi kufa kwake hakuonja hata kipande. Lakini aliomba unga wa jipsam uliobaki kwa fundi wa dari, akaukoroga na maji, akatengeneza kalibu ya umbo la mnyoo, akanunua plastiki ya majimaji, ile ya kuchapishia fulana, akaipasha moto nje ya nyumba, leso imefungwa puani kwa sababu ya moshi, akaimimina polepole, na ilipopoa akabandua mnyoo laini unaotikisa mkia kama umetumwa. Kosa lilikuwa rangi. Alivipanga kama shanga, nyekundu, nyeupe, buluu, vikapendeza kabisa, samaki wakavipita bila salamu, na akina mama wa kanisa wakavinunua kuvaa masikioni.

Mwingine angeachia hapo. Marehemu alienda bwawani mwenyewe, akaketi kwenye nyasi tangu asubuhi, akiwatazama samaki vile alivyofundishwa kutazama mbuzi, wanakula nini na wapi, akaona wanafuata viluwiluwi vya rangi ya matope. Akarudi, akapika vya rangi ya chai ya maziwa, akavipaka mafuta ya kondoo, na Jumamosi iliyofuata Mzee Ezra akavuta kambare mzito hivi kwamba Mzee Gakuru ilibidi amshike kiuno.

Na chama, waheshimiwa waombolezaji, kikaviita hivyo vichambo Ezra Spesho. Ezra, ambaye sufuria ile aliigusa mara moja tu, akidhani ni mchuzi! Miaka nenda miaka rudi, mama anamimina, wanaume wanampiga baba begani, "Wamalwa, uko na mkono!" naye anainamisha kichwa, "Aah, ni Mungu tu." Marehemu, ameketi hapo na thamosi, hakumwaibisha mbele ya watu, lakini wakifika nyumbani alimuuliza, "Huyo Mungu alikopa sufuria yangu lini?" Alimwambia wazi kwamba hataki zawadi, hataki sherehe, anataka tu aseme mbele ya wenzake ni nani anayevitengeneza. Mzee akaahidi Jumamosi ijayo, na mnajua wenyewe Jumamosi zilivyo nyingi.

Agosti 2023 marehemu alianza kuugua figo, akatibiwa hapa Kitengela na baadaye Nairobi, na mnamo Januari mwaka huu wa 2025 akalazwa. Ijumaa tarehe 7 Februari, Mzee Dalmas wa chama alikuja kumjulia hali, na katika kutafuta maneno ya kusema, akamuuliza mzee wetu ile rangi ya Ezra Spesho huwa anaichanganya vipi. Mzee akasafisha koo, akaanza, "Mimi huwa..." akatazama kitanda. Kisha akasema, "Si mimi. Ni Mama Lennox. Vyote, tangu kile cha kwanza."

Marehemu, ambaye hakuwa amefumbua macho tangu asubuhi, aliyafumbua. "Rudia."

Akarudia.

"Kwa sauti, Baba Lennox. Dalmas hasikii vizuri."

Mzee alirudia kwa sauti, machozi yakimtiririka, mpaka wodi nzima ikajua, na nesi akaja kumwomba atoke nje. Marehemu alilala akitabasamu, akatuacha Jumapili tarehe 9 Februari alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari, pamoja na yule nesi, majirani waliovumilia moshi wa plastiki bila kuita chifu, wenzake wa dukani, akina mama wa kanisa, na chama cha wavuvi, ambacho jana kilikubali kwa kauli moja kwamba vichambo vile vitaitwa Nasieku.

Basi pumzika, Yeyo, mama yetu, kwa amani yote. Imesemwa.