Mpini wa Ulysse, na Théophane Anayekwenda Zake

Miaka arobaini na miwili Théophane Guidry ameshika utumbo kwenye mdomo wa mashine ya soseji ya duka letu, na Jumamosi hii, ya kwanza baada ya Pasaka, anavua aproni. Wamesema mie Elmire wa kaunta ndiye nitoe maneno ya karatasi ya sherehe, maana nimemjua tangu ana nywele. Nyekundu, jamani, kama shingo ya jogoo, na mama yake akimvalisha kofia hata kanisani. Haya, tuendelee.

Boudin yake, soseji ya nyama, ini na wali, mnaijua. Ini lisizidi, wali usipondeke, vitunguu majani viingie mwisho nyama ikiwa bado ya moto. Watu wametoka Lafayette na mvua yao kuja kuila hapo nje, wameegemea boneti, wanaivuta kwa meno itoke kwenye ngozi yake, mafuta yanawateremka mpaka viwikoni. Padri mmoja alichelewa ubatizo kwa ajili yake. Mtoto analia kanisani, yeye yuko kwetu, mdomo umejaa.

"Théophane, umeniingiza dhambini!"

"Hapana, Baba. Umeingia mwenyewe, tena mbio."

Ndivyo alivyo. Lakini siwezi kumsema Théophane nikamwacha Ulysse, kaka yake mkubwa. Mashine yetu inataka watu wawili: mmoja anazungusha mpini, mwingine anapokea utumbo unavyojaa. Mpini ulikuwa wa Ulysse.

Kwetu Ijumaa Kuu hagusi mtu nyama, wala hatii mtu jembe ardhini, udongo utatoka damu. Mwaka mmoja, zamani, boudin ya Pasaka iliagizwa nyingi mno. Ndugu hawa wakachelewa, wakasema watamalizia Ijumaa, milango wamefunga, nani ataona? Mie nilikuwa nao, nafungasha. Ilipofika saa tisa alasiri, saa aliyokata roho Bwana wetu, boudin ikaanza kutoka nyekundu. Hatukuwa tumetia damu hata tone. Kwenye beseni wali mweupe, nyama nyeupe. Kwenye mdomo wa mashine, nyekundu.

Tukatazamana. Kuiuza, haiuziki. Kuila, dhambi. Kuizika, nani atachimba siku ile? Ulysse akaitia yote kwenye beseni, akaenda mtoni na mtumbwi wake kuitupa.

"Msioshe mashine," akasema mlangoni. "Imebaki kidogo. Nikirudi tunamaliza."

Mtumbwi ulikutwa umetulia katikati ya majani ya maji. Beseni limo, safi kama limesuguliwa. Ulysse hakuonekana, mpaka leo.

Ijumaa Kuu iliyofuata, saa ile ile, mpini ukazunguka wenyewe. Polepole, kama mtu asiye na haraka. Na chini yake, pale aliposimama Ulysse siku zote, sakafu imelowa. Kila mwaka hivyo. Na kila mwaka Théophane amejifungia humo ndani peke yake, ameushika kwa mikono miwili, anauzuia mpaka jua lizame. Jumamosi anakuja kazini viganja vimevimba. Akiulizwa, anasema rumatizimu.

Ndiyo maana hakustaafu mapema, na nyie mkamwita mchoyo wa kiti. Binti yake Verna, aliyeolewa Port Arthur, kila mara kwenye simu: "Baba, njoo ukae na wajukuu." Naye kila mara: "Na Ijumaa Kuu nani atakaa na baba yako mkubwa?" Nolia, mpwa wake anayerithi kazi, alisema wazi: "Mjomba, kiti nakitaka. Yule simtaki."

Mwaka huu akaniita. Nakuta ameloweka utumbo mpya.

"Una wazimu, Théophane? Ijumaa Kuu!"

"Nyama haimo, Elmire. Mashine tupu."

"Na huo utumbo ni wa nani, wa malaika?"

"Nimemwuliza padri. Kasema hakunisikia." Kisha akakaa. "Miaka yote namzuia, mwanamke we. Na yeye alisema tu anataka kumaliza."

Saa tisa, mpini ukaanza. Safari hii hakuushika. Akavisha utumbo kwenye mdomo wa mashine, akapokea, kama zamani. Na utumbo ukajaa. Maji, ndugu zangu. Maji meusi ya mtoni, baridi kiasi kwamba vidole vyake viligeuka buluu, na ndani yake vipande vya majani ya maji vinazunguka. Théophane anasokota, anakata pingili, anasokota, machozi yanamdondokea mikononi. Mie nahesabu rozari.

Akafika mwisho wa utumbo, akafunga fundo. Mpini bado unazunguka.

"Imetosha, kaka," akasema. Haukusimama. "Ulysse! Imekwisha, nakwambia. Nenda kapumzike. Nami naenda kwa Verna."

Mpini ukasita. Kisha ukarudi nyuma nusu mzunguko, vile Ulysse alivyokuwa akiulegeza kila kazi ikiisha, mashine ipumue. Ukatulia. Tukayarudisha maji mtoni.

Jumanne Nolia kashika mpini kwa kazi ya kawaida. Mizunguko michache tu, jasho hilo. "Mjomba, mbona mzito hivi? Wiki iliyopita ulikuwa unakwenda kama una mwenzio!" Théophane akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, tena cheko la sauti, sijalisikia tangu mtumbwi ule ukutwe bila Ulysse.

Basi asante, Théophane, kwa mikono yako. Nenda Port Arthur, ulale mpaka jua likuchome, wajukuu wakupande kichwani. Tunakuombea maisha mema na marefu. Na Ijumaa Kuu ijayo kula samaki wako taratibu, usitazame saa. Huku tutafunga mlango na kwenda kanisani, sote.