Damu Tuliyoipikia Wali

Mgeni rasmi, Bwana Daktari uliyetoka Chole,

Assalamu alaikum. Karibu Bweni. Sisi wakulima wa mpunga tumemtuma Shamte asome risala hii, ila maneno mengi ni ya Biubwa binti Muhidini, aliyeketi pale mbele.

ASILI YETU
Tangu mababu, bonde hili na bwawa lake ndivyo vinavyotulisha. Wenzetu wa kisiwa kikavu cha Jibondo huletewa maji kwa mashua, nasi tuliwacheka: "Hata kunawa mnapimiana!" Mtoto wa kiume akikojoa damu, tulisema amekuwa dume. Biubwa alipoambiwa na Shaabani, mwanawe wa kwanza, alipiga vigelegele, akachinja kuku, akapika wali wa nazi. Tulikula sote, tukampongeza.

TULIYOYAONA
Juzi ulipoweka mkojo wa Shaabani chini ya kioo chako cha kukuzia, Biubwa aliinama wa kwanza. Aliona yai lenye mwiba. Subhanallah! Aliinuka, akainama tena.

"Bwana, hili limetoka kwa mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Ni yai la mdudu wa kichocho. Ugonjwa anaupata bwawani."

"Na dawa?"

"Sina."

Tukapokezana kuchungulia. Kitu kisichoonekana, na Mungu amekipa silaha! Tulistaajabu mpaka tukaogopa. Na Jibondo hatujapata kusikia kijana aliyekojoa damu. Kicheko kimetuishia.

SHIDA
Shaabani hawezi tena jembe. Akienda haja hulia kama mtoto. Mdogo wake, Mfaume, hajakanyaga bwawa. Biubwa humbeba palizi nzima, hamshushi. Tulimwambia, "Dada, mpumzishe." Akajibu, "Nikimweka chini atakimbilia wapi kama si majini kwa wenzake?"

Tulijaribu kuchimba kisima, tukagonga mwamba.

OMBI
Tumesikia bwawa litazungushiwa uzio. Tafadhali, Bwana, usitufungie bonde, tutakufa njaa. Sisi wakubwa yametufika, na mpunga hauoti pakavu. Tunaomba vyuma vya kuvunjia mwamba na fundi wa kutuongoza, mikono tunayo. Watoto wapate pa kuoga.

Biubwa anaomba ajibiwe leo. Masika yamekaribia, na Mfaume ameanza kuwa mzito.

Mwenyezi Mungu akuongoze kwenye dawa, akurudishe kwenu salama.

Ni sisi,
Wakulima wa Mpunga, Bonde la Bweni