Mkuu wa Kikosi Aliyeitwa Neno Moja

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, nyumba ya tatu nyuma ya kiwanda cha mbao, mtoto wa nne wa fundi msumeno na mshonaji. Alichelewa kusema hadi majirani wakadhani ni bubu. Alipoanza, aliyapima maneno kama dawa.

Alimaliza sekondari mwaka 1981, akapata cheti cha misitu mwaka 1984. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kikosi cha kuzima moto wa msituni, na mwaka 2004 akawa mkuu wake. Wenzake walimwita Neno Moja.

Alimwoa mama yetu, mwalimu wa hesabu, tarehe 8 Desemba 1990. Siku ya kumposa alimwuliza tu, "Utakubali?" Mama akasema, "Nikubali nini, wewe?" Baba akaaga, akarudi kesho yake na sentensi nzima.

Tarehe 19 Septemba 2019, saa tisa alasiri, alikuwa kilimani akiongoza watu wanane waliokuwa bondeni wakifyeka njia ya kuzuia moto. Ghafla upepo mkali, ambao hakuna aliyeutabiri, ukabadilika na kuwaelekea. Akasema kwenye redio, "Umegeuka." Alimaanisha upepo. Wao walidhani ni moto, na moto ukigeuka ni nafuu, basi wakakaa kunywa maji. Alipoona hawaondoki, aliteremka mbio ndani ya moshi, akawatoa saba. Wa nane, msaidizi wake aliyemsimamia harusi, hakutoka.

Wachunguzi hawakumwona na kosa. Yeye alijiona nalo. Alikwenda kwa mjane wa rafiki yake akamwambia, "Nilipunguza neno moja." Mjane akamjibu, "Shemeji, uliwafuata mwenyewe. Na hilo lihesabu." Hakulihesabu.

Tangu hapo alisema kila kitu kikamilifu: chai imepoa, mlango umefungwa, mvua imekatika. Sisi watoto tulimtania kwamba anaongea kama kitabu cha darasa la kwanza. Tunaujutia utani ule.

Moshi ulikuwa umeyala mapafu yake. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2021, katika wodi ya kifua, mama alifungua dirisha. Baba alilitazama pazia kwa muda, akasema, "Upepo umetulia." Safari hii mama hakuwa na haja ya kuuliza nini.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mmoja, na wanaume saba waliolibeba jeneza lake leo.

Apumzike kwa amani, yeye na rafiki yake.