Udongo Mwekundu wa Afande Oyet

Kijiwe cha nje ya kliniki, hapa Kawempe, kina benchi moja na birika moja la kahawa, lakini ubishi wake ungetosha soko zima. Asubuhi hiyo ubishi ulimhusu Afande Oyet, polisi mstaafu, na shamba lake la mchicha kando ya mtaro. Binti wa chuo kutoka Wandegeya alichota udongo wake na wa jirani yake Mumbere, fundi wa betri, akautia kwenye vichupa vyenye dawa isiyo na rangi. Leo kavirudisha. Cha Mumbere hakijabadilika hata kidogo. Cha Afande chekundu, na tangu akione, hajagusa kahawa yake.

— Binti alisemaje hasa? aliuliza Daktari. Jina lake Opio. Analinda geti la kliniki, na udaktari wake ndio huo.

— Alisema kwangu mna vijidudu, mamilioni! Eti vinapumua, vikipumua dawa inakuwa nyekundu. Halafu akanipa hongera.

— Hongera ya vijidudu? Banange! Hapa kliniki kijidudu kimoja tu, mtu analazwa.

— Na mimi nakula mchicha ule miaka yote, Daktari.

— Ndiyo maana goti linakuuma.

Goti la Afande lilikuwa zima kabisa. Likaanza kuuma palepale.

— Mimi naona ni damu, alisema Mumbere kutoka mwisho wa benchi. Hapo watu walipigana zamani.

— Damu gani inapumua? alisema Daktari. Hiyo ni kitu iko chini, kubwa, inajiandaa kutoka. Afande, usilale karibu na huo mtaro!

— Mbona kwa Mumbere hakuna? aliuliza Afande.

— Kwangu kitoke wapi? alisema Mumbere. Kila jioni namwaga pale maji ya betri.

— Unaona usafi huo! alisema Daktari.

Afande aliona. Nyumba yake yote inakula kwa mchicha ule, na wateja wakisikia habari ya vijidudu, amekwisha. 

— Mumbere, ndugu yangu, tubadilishane mashamba. Nakuomba.

Mumbere alishusha pumzi ndefu, kama mtu anayebebeshwa mzigo.

— Kwa sababu ni wewe, Afande.

Wakapeana mikono, Daktari akiwa shahidi, na Mumbere akaaga haraka.

Hapo akafika Akidi, mama mpya mtaani, na kikapu chake.

— Wazee, habari? Nimeambiwa mchicha mzuri ni wa Afande.

— Ule umeachwa, mama, alisema Daktari. Afande sasa ana shamba safi, lile pale. Halina hata kijidudu.

Akidi alilitazama lile pale.

— Na pale huwa panaota nini?

Afande alimtazama Daktari. Daktari akakumbuka geti lake. Wa kuulizwa alikuwa Mumbere, naye alikuwa ameshafika kando ya mtaro, kainama, anachuma mchicha.