Ngozi ya Babu

Jepleting alipanda basi la Nessuit akitoka kortini Nakuru, macho yamemvimba. Arjun, mwenye duka Njoro aliyeketi kando yake, akamuuliza kwa upole, "Pole mama, kuna msiba?"

"Kijana wangu amefungwa miaka mitano. Alishikwa na ngozi ya bongo, yule paa mkubwa wa msituni. Ni ya babu yake, alikuwa anaipeleka kwa sherehe ya kutahiri. Hakimu alisema anaelewa, lakini sheria haimruhusu kushuka chini ya hiyo."

Arjun akasema, "Lakini mama, hao wanyama wanaisha. Sheria ikilegea, watauawa wote."

"Huyo aliuawa kabla sijazaliwa, boss. Msitu ulimalizwa na wenye misumeno, na sijaona hata mmoja wao kortini. Sisi Waogiek ni wachache, na huyu ni kijana wetu wa nne kufungwa."

"Si mngeipeana tu kwa serikali?"

"Hao waliotufurusha msituni?"

Abiria wa mbele wakajifanya wanasoma simu. Basi likasimama, Jepleting akashuka. Baba yake alikuwa stejini. Hakumsalimia, alikodolea macho mlango wa basi, akingoja mjukuu wake ashuke.