Chokaa ya Kaburi la Babu

Ndani ya Noah, gari dogo la abiria liendalo Nyaishozi, Kyarisiima alikuwa akishona mfuko wa chokaa uliopasuka, na Kauthar, muuza vitenge aliyeketi kando yake, akikusanya baibui lake lisipate vumbi.

"Shikamoo mama. Unajenga?" akauliza Mudathir, fundi wa mjini aliyekaa mbele, ambaye hakuna aliyemsemesha.

"Marahaba. Ninapaka nyumba ya kaburi la babu, mara ya tatu sasa. Jumamosi ukoo mzima unakuja, na shangazi zangu watasema tumemwacha mzee uchi."

"Chokaa za mara mbili za kwanza zilikwenda wapi?"

"Tumboni mwa ng'ombe. Fundi wetu alitia chumvi mara zote mbili ili ishike, nao wakalamba hadi kwenye matofali."

Kauthar akainamia simu kuficha kicheko. Marehemu, akawaza, ndiye mtu pekee huku Karagwe anayeogeshwa na ng'ombe kila asubuhi.

"Bila chumvi, mama, mvua itaiosha kabla hamjasema amina," akasema Mudathir. "Babu zangu kule pwani walitia chumvi siku zote."

"Walifuga ng'ombe?"

"Mbuzi wawili. Zungushia ua basi!"

"Mzee aliusia asizibiwe njia. Ng'ombe wake wapite wamsalimie."

"Na wanamsalimia! Waache."

"Utawaambia wewe shangazi zangu?"

Mudathir akageuka mbele, akafunga mkanda. Kwa maoni ya Kauthar, hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kwanza la busara.

Gari likasimama. Kyarisiima akashuka, akajitwika mfuko.

"Utatia chumvi?" Mudathir akauliza dirishani.

"Nitatia, ila kesho ninapaka juu tu, ulimi wa ng'ombe usikofika. Hapo chini shangazi watapaziba kwa magauni yao wakisimama kusali."